Kisima cha Ndama

Ng'ambo ya Korongo, Chilongola
3 Novemba 2024

Gerson,

Salamu. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Binti yangu Anna ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anaongea bila kupumzika. Mama mkwe anakohoa tangu Agosti, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja. Mume wangu Matonya amehamishia ng'ombe upande wa Mtera, huku majani yameisha mpaka mizizi. Mbuzi uliyeniachia alizaa mapacha. Tumewala. Msalimie wifi Emilia, yeye sina ugomvi naye.

Utakuwa unajiuliza nimekupataje. Shaibu, huyu anayechukua samaki wakavu Mtera na kuwauza huko kwenu, alikuona mnadani Makutupora umeshusha kofia mpaka puani. Anasema alikuita, ukageuka ukatokomea kwenye mizabibu. Mtu mzima una ndevu, unamkimbia muuza samaki! Naandika kwenye karatasi kwa sababu laini yako uliitupa, na simu ya hapa ni moja tu, ya Matonya. Hata akisafiri anamwachia mama yake, na kila ujumbe unaoingia unasomwa kwa sauti uani.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita watu wa afya walikuja kutoka wilayani. Walisema mvua zikianza kipindupindu kinaweza kurudi, kwa hiyo wanataka kuweka dawa kwenye visima vyetu vya korongoni. Shemeji yangu Sostenes akasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na ile ya Januari ilikuwa dawa? Basi mleteni aliyeiweka. Aseme mbele yetu, anywe mbele yetu, na sisi tutakunywa." Watu wa afya wakapekua karatasi zao. Hawana jina la mtu yeyote aliyetumwa kuweka kitu Ng'ambo mwezi ule. Wakafunga mikoba yao wakaondoka, na wanaume wa huku wakapiga makofi kama vile wameshinda mpira.

Wewe unamjua aliyeiweka. Njoo umtaje. Ni maneno machache: ilikuwa dawa ya maji, niliiweka mimi. Unakunywa kikombe kimoja, unapanda gari unarudi kwenye zabibu zako. Mwaka huu tumezika vya kutosha na sitaki kuzika tena kwa sababu mdogo wangu ana haya.

Jibu kupitia kwa Shaibu, ndiye posta yetu.

Loisi


Makutupora
1 Desemba 2024

Dada Loisi,

Shikamoo. Usipoitikia ni juu yako, mimi nimekusalimu.

Tuko salama. Emilia ni mjamzito, miezi mitano sasa, na daktari amemkataza kubeba ndoo. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la mzee mmoja, tumemaliza kupogoa, sasa tunafunga matawi kwenye nyaya na kunyunyizia dawa ya ukungu. Barua yako ilikaa kwa Shaibu wiki tatu pamoja na samaki wake, inanuka perege. Emilia amekataa ilale ndani.

Nimeisoma. Naona bado unaamuru kama ulivyokuwa ukituamuru kuchota maji tukiwa watoto. Habari za unga mweupe uliokutwa kisimani nilizisikia kama walivyozisikia wengine. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na eneo langu liliishia kwenye ukingo wa korongo, upande wa kijijini. Ya Ng'ambo waulizwe wa Ng'ambo.

Tena wewe unanishangaza. Kwenye semina tulifundishwa kwamba kipindupindu hiki kinaizunguka dunia tangu kabla hatujazaliwa, na kila mahali kinawafuata watu wanaopigana. Watu wakikimbia wanakunywa maji yoyote, na wakichukiana hawaambiani kwamba maji ni mabaya. Hamkunisikiliza. Wanaume wa huko walichukua fimbo kabla ya kuuliza swali hata moja, na Damas akafa. Damas nilicheza naye, nililima naye. Leo unaniambia nije nisimame mbele ya watu waliomuua, ninywe maji yao, halafu eti nipande gari. Gari gani? Nitakuwa nimelazwa chini siku hiyo hiyo.

Baba alikuambia usiolewe huko. Ulisema unajua unachofanya. Kama unataka mtu wa kuzungumza nao, zungumza nao wewe, mdomo unao wa kutosha vijiji viwili.

Gerson


Ng'ambo
20 Desemba 2024

Gerson,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu mama alinilea hivyo, usifikiri umesamehewa.

Nimefurahi kwa ajili ya Emilia. Mwambie ale mlenda, asikubali kunyanyua chochote, na asikuamini ukimwambia kwamba huna kosa. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 8. Tumepanda uwele. Mama mkwe ameanguka uani, mguu umevimba, kwa hiyo sasa anatukana akiwa amekaa.

Kipindupindu kimerudi. Mjukuu wa jirani alianza juzi na mama yake yuko hoi tangu jana.

Umenifundisha kwamba ugonjwa huwafuata wanaopigana. Asante mwalimu. Basi nikukumbushe wewe uliyekaa upande wenye pampu. Wakati wa korona tulijifukiza sufuria moja, watu wa kijijini na wa Ng'ambo, tumefunikwa blanketi moja tukicheka kwa machozi ya mwarobaini. Ugonjwa ulikuwepo, ugomvi haukuwepo. Ugomvi ulianza pale ng'ombe wetu walipoingia kwenye mtama wa Damas, naye akamkata mmoja mguu. Mwaka mzima hatukusalimiana kivukoni. Halafu Desemba ya mwaka jana wakarudi vijana wawili kutoka kambi ya uvuvi Mtera, wote wanaharisha, mmoja wa kwenu na mmoja wa kwetu. Kijiji kikamwona wa kwetu peke yake. Mkafunga pampu kwa mnyororo na mkaziba kivuko kwa miiba, mkisema Ng'ambo ndiko kulikooza. Ndipo tukaanza kunywa maji ya korongoni, mchangani, pamoja na mifugo. Ugonjwa ulitukuta tumeshaachana, Gerson, ukajichagulia pa kuingilia.

Asubuhi ile ya Januari ndama walipelekwa kisimani, wakanusa, wakageuka. Mmoja akanywa kwa kiu na akaanguka kabla ya kufika zizini. Pembeni mwa kisima kuna unga mweupe na nyayo za viatu. Ungewaambia nini wale wanaume? Kufika saa sita Damas alikuwa amelala kivukoni, amepigwa jiwe ambalo mpaka leo hakuna anayekubali kwamba lilitoka mkononi mwake. Polisi walichukua wanaume tisa, wakawaachia mmoja mmoja.

Na hema la wagonjwa lilikuwa shuleni, kwenu. Nani angevuka? Tuliuguza nyumbani. Tulizika kumi na mmoja. Watoto wa Sostenes, Amosi na Yudita, waliondoka siku moja, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Hukuwepo. Ulikuwa umeshapanda basi.

Watu wa afya wanarudi Jumamosi tarehe 11 Januari. Uwepo. Sostenes ameapa mbele ya mkutano kwamba mtu huyo akija mwenyewe hataguswa. Namfahamu, akisema amesema.

Dada yako


Makutupora
5 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, kama huko mnapeana heri.

Emilia ameanza kuvimba miguu. Zabibu zinajaa vizuri, mwezi ujao tunaanza kuvuna. Mimi nilikuwa na homa nikapona.

Nimezisoma barua zako zote mbili mara nyingi kuliko unavyodhani. Umeandika habari za ng'ombe, za mnyororo wa pampu, mpaka mguu wa mkweo. Kuna jambo moja hujaliandika hata kwa nusu mstari. Nitakusaidia. Ninacho hapa kwenye Biblia, kikaratasi ulichokichana kwenye daftari la kwaya, kwa mwandiko wako ule ule:

"Gerson, Anna anatapika tangu jana. Njoo alfajiri kabla ya ng'ombe, weka dawa kisimani. Asijue mtu. L."

Haya. Sasa tuzungumze kama watu wanaojuana. Ndiyo, niliiweka mimi. Nilichukua kopo stoo ya zahanati bila ruhusa, nikavuka miiba gizani, nikifanya ulivyoniomba. Nani aliyesema asijue mtu? Ungemwambia mumeo jioni ile tu, ungesema "Matonya, mjomba wa Anna anakuja kutibu maji," hakuna ambaye angeshika fimbo. Zilipopigwa kelele za sumu ulikuwa umesimama pale pale uani na kanga yako. Uliwasikia. Ulinyamaza. Mimi nimekimbia kwa miguu, wewe umekimbia ukiwa umekaa.

Na jingine. Alfajiri ile nilikufungia kwenye kanga pakiti kumi na mbili za chumvi ya kuchanganya na maji, za Anna. Anna alipona siku ya tatu, nilisikia. Kwa mtoto mmoja, kwa siku tatu, zinatosha tano. Zilizobaki ziko wapi, dada? Amosi na Yudita waliumwa wiki iliyofuata, nyumba ya pili kutoka kwako.

Sitakuja tarehe 11. Na ukiendelea kuniandikia habari za haya, kikaratasi hiki nitamkabidhi Shaibu ampelekee Matonya mkononi. Kisomwe na chenyewe kwa sauti uani.

Gerson


Ng'ambo
14 Januari 2025

Gerson,

Walikuja Jumamosi. Walikaa chini ya turubai lao mpaka saa nane na ndoo zao na dawa yao. Hakuna aliyekwenda. Sostenes alikwenda mara moja tu, akauliza kama yule mtu amekuja. Wakasema hawamjui. Akarudi.

Jana tumemzika mama wa yule mtoto niliyekuandikia habari zake. Mtoto alitangulia Krismasi. Sasa ni kumi na watatu.

Kitume kikaratasi. Usinitishe nacho, kitume. Nimekuwa nikingoja mtu akitoe mwaka mzima. Unafikiri mimi hulala?

Unasema nilinyamaza. Mimi ni mke wa watu. Nimeolewa kutoka upande uliofunga pampu. Siku ile ningesema "ni ndugu yangu, nilimwita mimi," wangeniona nimewaletea sumu kwa mkono wangu, na Anna angelala wapi? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sisemi ni vizuri.

Kuhusu pakiti sitakujibu.

Watarudi mara ya mwisho tarehe 15 Februari, Jumamosi. Baada ya hapo wanahamia wilaya nyingine. Wameniambia wazi kwamba kama Ng'ambo haitaki, hawawezi kuweka dawa kwa nguvu. Sasa wagonjwa ni saba na mmoja ni mtoto anayenyonya. Nakuita kwa mara ya mwisho.

Loisi


Makutupora
9 Februari 2025

Dada Loisi,

Shikamoo.

Siandiki kwa hasira leo, nisome mpaka mwisho. Emilia amelazwa siku mbili akaruhusiwa, presha. Tunavuna. Mikono yangu imekuwa myeusi kwa zabibu, hata sabuni haisaidii.

Hapa dawa ya ukungu tunaipima kwa kifuniko, vifuniko viwili kwa bomba moja la mgongoni, na mzee mwenye shamba anasimama kutazama. Kila nikipima nakumbuka. Siku ile lile kopo lilikuwa na maelekezo ya kipimo, kwa kisima cha kujengwa, chenye upana na kina. Kisima cha mchangani utakipimaje? Ukichota, maji yanakuja mengine. Nikajiambia bora izidi kuliko ipungue. Nikamwaga kopo zima.

Na hilo siyo kubwa. Kubwa ni hili, sijamwambia hata Emilia. Nilikuta visima viwili. Kimoja kimezungushiwa miiba vizuri, mlango wake mdogo, mtu kainama kukijenga. Kingine kiko juu kidogo, hakina uzio, kimefunikwa ubao tu na jiwe juu yake. Sisi kijijini kisima chenye miiba ni cha watu, ili mifugo isikikanyage. Cha ng'ombe kinaachwa wazi. Sikufikiri mara mbili. Nilimwaga kwenye chenye miiba, nikarudi nikiwa nimefurahi, nasema nimeokoa nyumba ya dada yangu.

Niliposikia watu wanapiga kelele "ndama, ndama", ndipo nilipoelewa. Nilikuwa shambani kwa Damas, tunapalilia. Yeye akatupa jembe akakimbilia kivukoni. Mimi nilikimbilia nyumbani kuvua viatu vyenye unga. Nilivitia jikoni vikaungua. Nikiwa navichoma yeye alikuwa anapigwa. Ningekwenda naye ningeweza kusema pale pale, kabla ya jiwe. Ndiyo maana nilipanda basi. Si kwa kuogopa watu wa Ng'ambo peke yao. Mke wa Damas alikuwa ananiletea uji, ananiambia "wewe ndiye rafiki yake uliyebaki." Sikuweza kuunywa.

Sitaweza kuja tarehe 15. Najua utakavyoniita na ni kweli. Emilia yuko hali hii, na kivuko kile siwezi kukikanyaga tena. Lakini nakurudishia kikaratasi chako, kimo humu. Kichome. Usimwambie mtu kwamba nilikuwa nacho. Hicho ndicho ninachoweza.

Mdogo wako


Shule ya Msingi, Chilongola
24 Februari 2025

Gerson,

Barua yako niliipata Alhamisi tarehe 13. Kikaratasi sikukichoma.

Umenionyesha kosa ambalo ni langu pia. Kule Ng'ambo miiba ni ya kisima cha ndama, kwa sababu ndama wa siku chache wanatumbukia. Cha watu kinafunikwa ubao. Nimeishi kule miaka kumi na minne, nikazoea, nikasahau kabisa kwamba kwetu ni kinyume. Niliandika "kisimani" kama vile kiko kimoja duniani. Mstari mmoja zaidi na Damas angekuwa anapalilia. Kwa hiyo ulitibu maji ya ndama, na ya watu yakabaki na ugonjwa wake, tukaendelea kuyanywa huku tunawachukia ninyi kwa sumu.

Jumamosi nilikwenda chini ya turubai asubuhi, kabla ya watu. Wakaja kidogo kidogo kutazama mke wa Matonya anafanya nini. Walipofika kama arobaini nikasimama juu ya ndoo, nikawasomea kikaratasi. Nilisoma kwa sauti niliyotumia kwaya. Nikasema huyu aliyeitwa ni Gerson ndugu yangu, na aliyemwita ni mimi. Nikawaeleza habari ya miiba. Kuna wazee walishika vichwa hapo, maana wao wanaijua miiba ya pande zote mbili, na jambo hilo halikumjia hata mmoja wao mwaka mzima.

Halafu nikasema la pakiti. Hukuhitaji kuniuliza mara ya pili. Anna alitumia tano. Saba nilizichimbia chini ya mtungi, kwa sababu ningezitoa ningeulizwa zimetoka wapi. Amosi alipoanza nilikwenda mpaka mlangoni kwa Sostenes na mbili zikiwa kwenye kanga. Nikakuta wanaume wamejaa, wanazungumza habari ya sumu na ya kulipiza kisasi. Nikasema "poleni", nikarudi nazo. Yudita alipoanza sikwenda kabisa. Nilisema hayo mbele ya Sostenes. Alikuwa mbali na mimi kama kutoka hapa darasani ninapoandikia hadi ubaoni.

Alitema mate chini akaondoka.

Nikachota kikombe kwenye ndoo yenye dawa nikanywa. Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja akasema "amezoea, ni ya kwao." Ndipo mama mkwe, aliyebebwa kwenye kiti kwa ajili ya mguu wake, akaomba asogezwe. Akaninyang'anya kikombe. Akasema, "Nimezika kumi na watatu, wawili ni wajukuu zangu. Ikiwa ni sumu nitapumzika. Ikiwa ni dawa, mkae kimya mnywe." Akanywa chote, akageuza kikombe wote wakaona. Halafu akanitazama mimi, akasema, "Wewe usiingie tena jikoni kwangu."

Walipanga mstari mpaka jioni. Visima vyote viwili vimewekwa dawa kwa kipimo, na Ng'ambo wamekubali wagonjwa wao wapelekwe hema la shuleni. Wale saba bado wako hai. Hilo ndilo jema, sina jingine.

Nalala kwenye darasa moja la shule, kijijini. Mwenyekiti amenipa mkeka. Watu wa huku wananiita mke wa wauaji na wanachota maji yao mbali na ndoo yangu. Matonya alikuja kutoka Mtera Jumanne, akasikia yote kwa mama yake, akasimama mlangoni. Akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, akaondoka. Anna amebaki kwa bibi yake. Namwona asubuhi akipita kuja darasani, amekatazwa kunisemesha, na yeye unamjua jinsi asivyoweza kunyamaza. Anapita ameuma midomo.

Kwa mke wa Damas nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza habari ya viatu. Haikuwa yangu kueleza, lakini kila siku anaulizia lini utarudi kumsaidia kulima.

Sitakuambia ufanye nini. Nimeacha kukuamuru. Ila Sostenes alirudi kwangu juzi. Hakuingia, alikaa kwenye ngazi akanipa mgongo. Akauliza unakaa wapi. Nikamwambia. Akasema anataka kuyasikia kwa mwenyewe, siyo kwa mwanamke aliyesimama juu ya ndoo. Nikamwomba abebe barua, akakubali bila kugeuka. Kwa hiyo leo siyo Shaibu aliyekuletea. Shaibu amemwonyesha shamba tu.

Hana fimbo, namwona dirishani akingoja nimalize kuandika. Amevaa lile koti alilovaa siku ya kuwazika watoto. Mtu huyo aliyekukabidhi barua, ambaye bila shaka hukumtambua kwa jinsi alivyokonda, yuko mbele yako sasa hivi, anakungoja umalize kusoma.

Acha kusoma. Inua uso umwambie.

Loisi